Kupima p16 kwa kingamwili katika maabara ya Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtaalamu wa maabara aliyeko Mombasa anayetaka kujua kama seli zake zina p16, protini inayotajwa mno siku hizi kila panapozungumzwa kuzeeka. Nachukulia kwamba umeshawahi kuendesha jeli ya protini na kwamba pipeti haikutetemeshi mkono. Njia tutakayofuata ni westani bloti: protini zinatenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli, zinahamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili inaachiwa iitafute ile moja tunayoitaka.

Tuanze na p16 yenyewe. Ni protini ndogo yenye amino asidi 156, inatokana na jeni iitwayo CDKN2A, na ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1993. Kazi yake ni kuvikamata vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, ambavyo bila hivyo seli haipati ruhusa ya kugawanyika. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walikuwa wameonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Hazifi, lakini hazigawanyiki tena. Nyingi ya seli zilizosimama namna hiyo hujaa p16. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani waliziondoa seli zenye p16 katika panya wa aina inayozeeka haraka, na baadhi ya maradhi ya uzee ya panya hao yakachelewa. Tangu hapo kila mtu anataka kuipima p16, na wauzaji wa kingamwili hawakulala.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kibandiko cha mrija kikisema "p16", hayo ni madai ya muuzaji. Kuyathibitisha ni kazi yako, nayo inafanywa kabla sampuli yako hata moja haijagusa jeli.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya bidhaa kabla ya kulipa

Tafuta mambo manne. Kwanza, imejaribiwa kwa p16 ya binadamu au ya panya? Protini hizi mbili zinatofautiana vya kutosha hivi kwamba kingamwili nzuri ya moja inaweza kuwa kipofu kwa nyingine, na p16 ya panya inasifika kwa usumbufu. Pili, imejaribiwa kwa westani bloti? Kuna kingamwili inayofanya kazi vizuri kwenye vipande vya tishu chini ya hadubini lakini kwenye utando haioni kitu. Tatu, ilitengenezwa dhidi ya kipande gani cha protini? Ndugu wa karibu wa p16 ni p15, wanafanana kwa umbo na karibu kwa ukubwa, na kingamwili isiyochaguliwa vizuri inaweza kuwachanganya. Nne, angalia kama muuzaji ameonyesha picha ya seli zisizo na p16 kabisa pembeni ya zile zenye nayo. Asipoonyesha, mimi hupita nikaenda kwa mwingine, hata kama bei ni nusu.

Angalia pia kingamwili imetoka kwa mnyama gani. Ukitumia iliyotengenezwa katika panya kwenye tishu za panya, kingamwili ya pili, yaani ile inayoishika ya kwanza ili ionekane, itashika pia kingamwili za panya mwenyewe zilizomo ndani ya tishu, na utaona mistari minene karibu na kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 25 na 50 isiyohusiana kabisa na unachotafuta.

Na kama seli zako zitatoka kwa watu, idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, zinatangulia kila kitu katika orodha hii.

Hatua ya 2: Kuagiza na kupokea

Mizigo mingi ya namna hii hushukia Nairobi kwanza, kisha ndiyo iteremshwe Pwani. Mwambie muuzaji asafirishe Jumatatu, ili Jumamosi na Jumapili zisiukute mzigo forodhani. Tazama kalenda ya Idd na Pasaka. Makaratasi ya wakala wa forodha yawe tayari kabla ndege haijaruka, wala si baada ya kupigiwa simu kwamba mzigo umefika.

Kingamwili yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Siku moja au mbili nje ya baridi mara nyingi haziidhuru. Balaa ni kikasha kilichosahaulika kwenye bohari ya mabati mwezi Machi, kaskazi inapokuwa imekatika na kusi bado haijaanza kuvuma, siku ambazo hata kivulini unatiririka jasho. Kama una nafasi ya kuchagua, agiza kati ya Juni na Agosti.

Mzigo ukifika, gusa barafu. Andika kwenye daftari kama bado imeganda, imeyeyuka lakini ina baridi, au imeshakuwa vuguvugu, pamoja na namba ya toleo la kingamwili. Maneno hayo machache yatakuokolea hoja siku utakapodai mzigo mwingine.

Hatua ya 3: Kuigawa na kuihifadhi

Mrija ukitoka kwenye baridi katika hewa ya Mombasa, unalowa mara moja kwa nje. Matone yanajikusanya chini ya ukingo wa kifuniko na yanangoja ufungue ili yateremke ndani. Ufute kwanza kwa karatasi laini, uzungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde chache ili kilichoganda juu ya kifuniko kishuke, ndipo ufungue. Wenye mrija wa mikrolita 100 wataona umuhimu wa hilo: tone moja lililobaki kifunikoni ni karibu sehemu ya kumi ya pesa zao.

Kama kingamwili imekuja ikiwa unga mkavu, fanya kinyume cha haraka yako. Uache mrija ukiwa umefungwa mpaka ufikie joto la chumba, ndipo ufungue. Ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hewa unaingia moja kwa moja kwenye unga.

Soma imehifadhiwa katika nini. Yenye gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hivyo unaweza kuiacha hapo bila kuigawa. Isiyo na gliseroli igawe katika mirija midogo ya mikrolita 10 au zaidi, mmoja kwa kazi moja, kwa sababu kinachoichosha ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Usigawe chini ya hapo, maana kingamwili hung'ang'ania kuta za plastiki na utabaki na maji matupu. Kingamwili ya pili iliyofungwa na kimeng'enya cha peroksidesi ikae kwenye friji ya nyuzi 4 na isigandishwe.

Friza za nyumbani zinazojiyeyushia barafu zenyewe zikatae. Zinapasha joto kidogo kila baada ya muda fulani, na huko ndiko kuyeyuka na kuganda tunakokukimbia.

Halafu kuna stima. Friza iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu, kwa hiyo jaza mapengo kwa chupa za maji. Weka pia kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake. Ukirudi Jumatatu ukaikuta sarafu imezama katikati ya barafu, ujue wikendi stima ilipotea muda mrefu wa kutosha kuyeyusha, hata kama sasa kila kitu kimeganda na kinaonekana shwari.

Hatua ya 4: Tafuta seli mbili za kuihoji kingamwili

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo nitakayoikawilia.

Unahitaji kontroli mbili. Ya kwanza iwe seli zenye p16 nyingi bila ubishi. Ya pili iwe seli zisizo nayo kabisa. Kingamwili ikiona ya kwanza na ikanyamaza kwa ya pili, unaweza kuanza kuiamini.

Kwa upande wa chanya, HeLa ndizo seli za kuazima. Zinatoka kwenye uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki mwaka 1951, na zinapatikana katika karibu kila maabara inayokuza seli. Zina p16 tele, na sababu yake inafaa kuelewa. Ndani ya HeLa mna vipande vya virusi vya HPV aina ya 18. Virusi hivyo hutengeneza protini iitwayo E7, ambayo huiharibu protini nyingine, Rb. Katika seli ya kawaida Rb ndiyo inayopokea amri ya p16 ya kusimamisha mgawanyiko, na pia ni miongoni mwa vinavyoizuia p16 isizidi. Rb ikiondoka, p16 inazalishwa kwa wingi lakini hakuna wa kuisikiliza. Ndiyo maana wataalamu wa patholojia hutumia kingamwili ya p16 kwenye vipande vya mlango wa kizazi: ikitia rangi kwa mfululizo mzito, ni dalili kwamba HPV hatari imeshaanza kazi.

Sasa tazama kichekesho chake. HeLa zina p16 nyingi kupita kiasi, na bado hazizeeki. Zimekuwa zikigawanyika tangu 1951. Liweke hilo akilini mpaka Hatua ya 8.

Kwa upande wa hasi, tumia MCF-7, seli za saratani ya matiti ambazo zimepoteza kabisa jeni ya CDKN2A. Hakuna jeni, hakuna p16. Seli za U2OS nazo zinafaa. Jeni wanayo lakini imezimwa. Kama maabara yako haikuzi seli, si lazima ukwame: lisati, yaani seli zilizokwisha kupasuliwa na kuyeyushwa tayari kwa jeli, zinauzwa, na maabara rafiki inaweza kukupa kiasi kidogo kwenye barafu. Mikrogramu mia chache za protini zinatosha majaribio mengi.

Ukitaka kontroli ya tatu, na kwa tasnifu ya kuzeeka ningeidai, tumia seli za kawaida za binadamu kama WI-38 zilizogawanyika mara chache, pembeni ya zile zile zilizokwisha kuchoka. Hapo utaona p16 ikipanda kwa sababu ya umri wa seli na si kwa sababu ya virusi.

Hatua ya 5: Sampuli na jeli

Pasua seli juu ya barafu kwa bafa ya RIPA yenye vizuizi vya vimeng'enya vinavyokula protini. Barafu iwe ya kutosha. Ndoo iliyotosha maabara yenye kiyoyozi itakuwa maji kabla hujamaliza sampuli ya sita kwenye chumba chenye nyuzi 31. Pima wingi wa protini, changanya na bafa ya sampuli, chemsha kwa nyuzi 95 dakika 5, kisha weka mikrogramu 20 hadi 40 kwa kila kishimo, kiasi kile kile kwa wote.

Kwa protini ya kilodaltoni 16, jeli ya asilimia 10 uliyozoea itakuangusha: p16 itakimbilia chini kabisa pamoja na rangi, au itatoka nje. Tumia ya asilimia 15, au ile ya mteremko wa 4 hadi 20. Vaa glavu unapoimimina, maana akrilamaidi isiyoganda ni sumu ya neva. Endesha kwa volti 100 hadi 120 na usimamishe kabla rangi ya buluu haijatoka.

Maji ni jambo la kutazamwa sana mjini kwetu. Maabara nyingi hapa huchanganya maji ya mfereji na ya kisima, na visima vya kisiwani na pembezoni mwake vina chumvi. Bafa ya kuendeshea jeli ikitengenezwa kwa maji hayo, mkondo wa umeme unapanda, jeli inapata joto, na mistari inajipinda kwenye kingo. Tumia maji yaliyochujwa kwa distila kwa kila kitu, mpaka suuza ya mwisho ya vyombo.

Stima ikikatika jeli ikiwa katikati, zima swichi ya mashine kwanza ili isikurupuke ikirudi. Protini ndogo husambaa upesi ndani ya jeli. Kukatika kwa dakika chache hakuna neno. Ikizidi nusu saa, mstari wako utakuwa na ukungu, na si vyema kupima unene wa mstari wa namna hiyo. Hata betri ndogo ya akiba kwa kifaa cha umeme cha jeli ni ununuzi wenye akili kuliko mrija mwingine wa kingamwili.

Hatua ya 6: Kuhamishia kwenye utando

Chagua utando wa PVDF wenye vitundu vya mikromita 0.2, si 0.45, kwa sababu p16 hupenya vile vikubwa. Uloweshe kwanza kwenye methanoli dakika moja. Bafa ya kuhamishia iwe na methanoli asilimia 20, na uhamishe kwa volti 100 kwa saa moja, tangi likiwa ndani ya barafu. Mara ya kwanza weka utando wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Ukiikuta p16 kwenye wa nyuma, punguza muda.

Baadaye mwagia rangi ya Ponceau. Utaona protini zote zikiwa mistari myekundu, na utajua kama uhamisho umefanikiwa na kama vishimo vilipata kiasi sawa. Piga picha. Kisha kata utando kwa mlalo kwenye alama ya kilodaltoni 25: nusu ya chini ni ya p16, ya juu ni ya aktini, protini ya kawaida ya seli yenye kilodaltoni 42, itakayothibitisha usawa wa sampuli.

Tangu sasa utando usikauke. Feni la darini linatosha kuukausha kingo ukiwa unajibu simu.

Hatua ya 7: Kuziba, kisha kingamwili

Ziba nafasi tupu za utando kwa maziwa ya unga asilimia 5 katika bafa ya TBST kwa saa moja. Yawe yasiyo na mafuta. Maziwa ya dukani ya kutia kwenye chai kwa kawaida yana mafuta yote, na utando utatoka na mabaka. Karatasi ya kingamwili ikidai albumini ya ng'ombe badala ya maziwa, itii.

Kiwango cha kingamwili usikipokee kwa imani. Kata vipande vyembamba vya utando wenye lisati ya HeLa, na kila kimoja ukipe mchanganyiko wake: 1:500, 1:1000, 1:2000, 1:4000. Chagua ule wenye kingamwili kidogo kabisa ambao bado unatoa mstari safi juu ya usuli mweupe. Kujaribu hivi kunakula kingamwili kidogo leo na kukubakishia nyingi kesho.

Maelekezo ya Ulaya na Marekani yakisema "joto la chumba", yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba chako kama hakina kiyoyozi si hicho, na kwenye joto kubwa kingamwili hushikashika ovyo. Ilaze usiku mzima kwenye nyuzi 4. Kama kitikisio hakiingii kwenye friji, viringisha utando ndani ya mrija wa mililita 50, upande wenye protini ukitazama ndani, pamoja na mililita 5 za mchanganyiko.

Asubuhi osha kwa TBST mara tatu, dakika 10 kila mara, weka kingamwili ya pili kwa 1:5000 saa moja, uoshe tena vile vile, kisha mwagia kimiminika kinachoifanya peroksidesi itoe mwanga na upige picha. Angalizo moja: sodiamu azaidi, dawa inayowekwa ili kingamwili isiote ukungu, huiua peroksidesi. Isiwemo kwenye bafa utakayotumia na kingamwili ya pili, na mabaki yake yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa ikikutana na mabomba ya shaba au risasi hutengeneza kitu kinacholipuka.

Hatua ya 8: Kusoma ulichopata

Tazama HeLa na MCF-7 kabla ya sampuli zako. HeLa iwe na mstari mmoja mzito karibu na 16. MCF-7 iwe tupu hapo, huku aktini ikionekana kote. Hapo endelea.

MCF-7 ikionyesha mstari kwenye 16, kingamwili hiyo inashika kitu kingine. Andikia muuzaji, umtumie picha, na usiitumie kwa tasnifu hata ukiambiwa "wengine wote wanafurahia". HeLa ikiwa tupu, rudi kwenye picha ya Ponceau, kwenye utando wa nyuma na kwenye suala la azaidi, kwa mpangilio huo. Utando ukiwa mweusi wote, kingamwili imezidi, uoshaji umepungua, au feni limefanya kazi yake. Utando mmoja pia upewe kingamwili ya pili peke yake. Chochote kitakachoonekana hapo si p16.

Sasa sampuli zako zina mstari. Je, seli zimezeeka? Rudi kwa HeLa. Mstari unasema protini ipo, basi. Ili useme seli imezeeka, onyesha pia kwamba imeacha kugawanyika, kwamba protini ya p21 imepanda au ile ya lamini B1 imepungua, au kwamba inapata rangi ya buluu katika kipimo cha beta-galaktosidesi kilichoelezwa mwaka 1995. Msimamizi anayekubali p16 peke yake anakuhurumia leo. Mtahini wa nje hatakuhurumia.

Hatua ya 9: Toleo jipya

Mrija wako utakwisha, na wa pili utakuja na namba nyingine ya toleo. Kingamwili za aina nyingi (polyclonal) zilizotolewa kwenye damu ya sungura hubadilika sana kati ya toleo na toleo, kwa kuwa sungura si yule yule. Za aina moja (monoclonal) hubadilika kidogo, lakini nazo zipime. Kwa hiyo bakiza mrija mmoja mdogo wa zamani, na weka kando lisati za HeLa na MCF-7 kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Siku mzigo mpya ukifika, endesha toleo la zamani na jipya siku moja, kwenye lisati zile zile, utando mmoja uliokatwa katikati, na uibandike picha hiyo kwenye daftari pembeni ya namba zote mbili.